Afande Ameacha Kunguruma

3 Februari

Kwa mwanangu Mrefu,

Pokea salamu zangu, ni nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mimi mama yako sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kwenye beseni la nguo. Dada yako hajambo, anakusalimu, bado yuko kule dobi la hospitali, jioni anarudi na vidole vimejikunja kwa maji kama vya mtu aliyeokolewa kisimani. Mwanawe Kasuku hajambo, mwezi ujao anatimiza miaka minne na mdomo wake umeshatimiza arobaini. Jirani yetu Mama Cherehani hajambo, anakusalimu kupitia uani. Nasema kupitia uani kwa sababu mlangoni kwetu hakanyagi siku hizi, sababu utaisoma mbele. Kuku watatu hawajambo. Wa nne alikufa kabla ya huyo mgeni wako kuja, usije ukamshuku bure. Hata paa halijambo, linavuja palepale.

Na Afande hajambo. Nimemweka mwisho wa salamu, unisamehe, lakini mbwa ni mbwa.

Wiki mbili sasa tangu umfunge pale kwenye nguzo ukaondoka bila kugeuka nyuma. Nilijua kwa nini hukugeuka. Yeye alikaa siku tatu akitazama geti, chakula hali, nami nikilisogeza bakuli kwa upawa mrefu nikiwa nimesimama mbali. Mwanangu, kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa, maana nilikuona ulivyomshika masikio ukimuaga. Mimi mbwa nawaogopa tangu utoto. Nilikubali kwa sababu moja. Ulisema umelinda naye magodauni miaka sita, na siku wale wezi walipokuja na mapanga alisimama yeye mbele na wewe nyuma. Ukasema amezeeka, na kampuni inataka kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Mbwa aliyesimama mbele ya mwanangu nitamnyimaje kona ya uwanja?

Jina lake tu ndilo linanitesa. Juzi nimetoka nje naita, Afande, njoo ule, kumbe kuna askari anapita barabarani. Akageuka, akavua kofia, akasema asante mama nimeshakula. Ilibidi nimkaribishe maji.

Sasa hili la Mama Cherehani. Anasema jamii hii ya mbwa wa polisi ina kung'ata kwenye damu, kama vile ukoo fulani una sukari. Anasema mwana wa nyoka ni nyoka. Wateja wake wakija kupima nguo wanakuta lile lichwa limewekwa juu ya ua linawatazama, wanasahau hata vipimo vya kiuno. Dada yako hasemi kitu ila mkeka wa Kasuku ameuhamisha kutoka barazani hadi chumbani. Unamjua dada yako, anahamisha vitu kwanza, maneno yanakuja baadaye. Nami silali vizuri. Niambie ukweli, wewe ndiye fundi wa mbwa, je, ni kweli ni damu? Na tuishi naye vipi?

Ana kijitabia kimoja sikipendi, lakini hicho nitakimaliza mwenyewe, sitakusumbua nacho.

Nijibu upesi, simu ya dukani bado ni mbovu. Barua mpe yule dereva wa lori la saruji, ni mwaminifu.

Mimi mama yako

*

14 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua imefika. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, wamenihamishia getini kwa muda.

Sikujua kwamba unaogopa mbwa. Ungeniambia. Najua kwa nini hukuniambia, lakini ungeniambia.

Kuhusu damu, mwambie Mama Cherehani hivi. Damu inampa mbwa umbo na hamu ya kazi. Jamii ya Afande wanapenda kulinda, kutazama, kujua nani anaingia nani anatoka, ndiyo maana kichwa kiko juu ya ua. Hiyo si hasira, ni kazi, hajui kama ameshastaafu. Kung'ata hakuna jamii iliyopewa peke yake. Nimefanya kazi na mibwa mikubwa inayolala na paka, na alama niliyo nayo kwenye kifundo niliipata kwa kijibwa cha mke wa meneja, kinachobebwa kwenye kikapu. Tofauti ni moja tu, mbwa mkubwa akikosea kosa lake ni kubwa. Kwa hiyo anahitaji sheria, hata awe mpole vipi.

Sheria ni hizi. Akiwa anakula, asiguswe. Akiwa amelala, asishtuliwe, aitwe kwa jina kwanza. Awe na kona yake ambayo mtu hamfuati humo. Na Kasuku asiachwe naye peke yao, hata kwa muda wa wewe kuingia jikoni kuchukua chumvi.

Hana maradhi ya kukutisha. Ni mzee tu, amechoka.

Umeandika kijitabia. Kijitabia gani? Niandikie.

Mwanao,
Mrefu

*

27 Februari

Mwanangu Mrefu,

Salamu kutoka kwetu sote, mimi, dada yako, Kasuku, Mama Cherehani na kuku. Tunaendelea. Dada yako wamemwongezea zamu, mashine moja ya kufulia imekufa, mashuka ya wodi mbili wanafua kwa mikono. Anarudi anakaa pale kwenye ngazi na viatu mkononi, hana hata nguvu ya kuniambia amechoka. Kwa hiyo Kasuku ni wangu mchana kutwa. Nami si kijana tena, mwanangu. Nikiketi, nasahau nilichotaka kusimamia.

Lakini leo nakuandikia kwa furaha, maana kile kijitabia kimekwisha.

Kilikuwa hivi. Afande alikuwa akinguruma. Si kubweka, kubweka ningeelewa. Kasuku akimwegemea, hasa akimshika mgongoni nyuma ili ajiinue, sauti ilikuwa inatoka tumboni, mmmrrr, kama lori lililokwama kwenye tope. Nikipitisha ufagio karibu na makalio yake, mmmrrr. Nikasema hapana. Nyumba hii nimelea watoto wawili bila baba na hakuna aliyewahi kumnung'unikia mkubwa. Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa, nikikutuma maji unavuta midomo? Nilikunyoosha mara mbili tatu, ikaisha. Hata ulipovunjika kidole ulikaa nacho siku mbili hujasema, mpaka mwalimu alipokuona unaandika kwa mkono mwingine. Watu wakasema mtoto huyu ana adabu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Basi nikachukua kandambili. Sikumpiga kwa nguvu, usiogope. Kila akinguruma, kofi moja la kandambili pembeni ya mdomo, na neno, adabu. Akinguruma tena, tena. Siku ya kwanza mara saba. Siku ya nne mara mbili. Siku ya tisa hakuna. Sasa hata sauti yake nimeisahau. Na ajabu, mwanangu, hofu yangu nayo ikapungua. Mtu unayeweza kumpiga kandambili humwogopi tena.

Siku hizi Kasuku anamfanya kiti. Anamkalia kabisa, naye kimya, anageuza tu uso upande wa pili, anajilamba midomo, anapiga miayo. Anapiga miayo sana, nadhani ameizoea nyumba. Nikiwa kwenye beseni nawatazama, nasema moyoni, mwanangu akiona hivi atafurahi. Mama Cherehani naye nimemwambia, umeona, damu inafundishika.

Zile sheria zako nyingine tunazifuata, nyingi zake.

Nijibu upesi nijue kama umefurahi.

Mama yako

*

8 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Lori linaondoka asubuhi hii.

Usimpige tena anaponguruma. Nakuomba. Kunguruma ndiyo adabu yake, hana nyingine. Mbwa anaponguruma anasema, hapo panauma, au, naogopa, au, niache. Ni neno la mwisho kabla ya meno. Ukimpiga kwa neno lile haachi kuumia wala haachi kuogopa. Anaacha kusema tu. Kazini mbwa anayenguruma tunamwamini. Anayekaa kimya ndiye tunamzunguka kwa mbali.

Ile miayo si ya usingizi, mama. Kujilamba midomo akiwa hana chakula, kugeuza uso, kupiga miayo mchana, anaomba, kwa sauti ndogo kuliko ile mliyomnyang'anya. Kasuku asimkalie tena. Asimguse kabisa kiunoni. Mfunge kwenye nguzo, mtoto awe mbali, mpaka nikuandikie tena.

Mimi ni mzima. Nijulishe tu kwamba barua hii imefika.

Mrefu

*

9 Machi

Kwa mwanangu Mrefu,

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Anayeandika ni Mama Cherehani, mimi natamka. Nimejikata kidogo na kisu mkono wa kulia nikimenya viazi, daktari amefunga kitambaa, kalamu haishikiki. Ni jambo dogo. Sote hatujambo, dada yako, Kasuku, na Afande pia hajambo. Kasuku kwa sasa analala kwa rafiki wa dada yako kule karibu na hospitali, ni kwa ajili ya zamu tu. Nyumba imekuwa kimya. Sikujua kelele za mtoto ndizo zilizokuwa zinanisimamisha.

Usiwe na wasiwasi na usiombe ruhusa ya bure kazini. Utujibu ukipata nafasi.

Mama yako

Kijana wangu Mrefu, hapo juu ni maneno ya mama yako kama alivyoyatamka, sikuongeza wala sikupunguza. Yanayofuata ni yangu. Yeye yuko nje anaanua nguo kwa mkono mmoja.

Hakuna kisu. Ni mbwa. Ilikuwa tarehe sita, mchana. Niliona kwa macho yangu, cherehani yangu inatazama uwanja wenu. Mtoto alikuwa anacheza karibu naye, akataka kusimama, akamshika mbwa juu ya mguu wa nyuma na kujivuta kwa uzito wake wote. Mbwa alikaza mdomo. Macho yakageuka mpaka nikaona weupe wake. Sauti hakutoa hata kidogo, nami nilikuwa nimesimamisha mashine, ningesikia. Mama yako akaona mtoto amening'inia, akapeleka mkono amwondoe. Mbwa akageuka akauchukua mkono ule badala ya mtoto. Akauachia palepale. Nyuzi tisa, chini ya kidole gumba. Mtoto hakuguswa, ila alilia mpaka akalala.

Mama yako nilimsindikiza hospitali mimi. Wamemwanzishia sindano za kichaa cha mbwa. Cheti cha chanjo ulichoacha kwenye droo tulikipeleka, daktari akasema ni vizuri, lakini sindano atamaliza.

Wewe unajua nilivyokuwa nikisema juu ya damu ya mbwa yule. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Sasa sina hakika. Baada ya kung'ata alikwenda akajibanza nyuma ya pipa la maji, anatetemeka, mkojo umemtoka. Mimi nimeona wakorofi wengi, watu na wanyama. Mkorofi hatetemeki.

Dada yako amesema neno moja tu, mbwa au mwanangu, mwisho wa mwezi. Ameshazungumza na daktari wa mifugo kuhusu sindano ile uliyomwepusha nayo huko. Mama yako haupingi uamuzi huo, ila usiku anatoka kumtazama mbwa kwa tochi, anarudi, anatoka tena. Mimi nikifungua dirisha anajifanya anahesabu kuku. Kuku wenyewe watatu.

Sijui wewe unajua nini ambacho sisi hatukijui. Kama kipo, kiandike.

Mimi jirani yenu

*

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua ya tarehe tisa imefika na najua si kisu. Usimlaumu Mama Cherehani. Mwambie namshukuru, na kwamba siku nikija nitaingilia mlangoni kwake kwanza.

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Kuna jambo nililificha, nalo ndilo lililokung'ata, si Afande.

Anaumwa nyonga. Ya kushoto. Daktari wa kampuni aliniambia kabla sijamleta. Mfupa umelika, kila akisimama unasaga. Ndiyo sababu walitaka kumlaza, si uzee peke yake. Nilikuona ulivyomtazama siku ile nilipofika naye, nikasema nikitaja na ugonjwa mama atakataa. Nikakwambia amechoka tu. Ningekwambia, ungejua kwa nini ananguruma mtoto akimshika nyuma na ufagio ukimpitia. Alikuwa anawaonyesha panapouma. Mimi nilinyamaza, na yeye mkamnyamazisha. Hakubaki mtu wa kusema.

Mkono wako sina la kuuambia.

Kuhusu dada, uamuzi ni wake. Mtoto ni wake. Akisema sindano, iwe sindano, nami sitamwekea kinyongo, mweleze hivyo kwa maneno yangu haya. Naomba kitu kimoja tu kabla ya hapo. Daktari wa mifugo aje, aishike ile nyonga, aseme kama kuna dawa ya maumivu. Wakati huo Afande avishwe kifunga mdomo, kimo kwenye lile begi nililoacha. Kisha kama dada atakubali kusubiri, wekeni wavu kati yake na mtoto, wavu wa kweli uliopigiliwa, si kamba. Kandambili ipotee. Mkimsikia ananguruma, mrudi nyuma wote, kila mara, bila kumgombeza. Ikiwa bado hajasahau kusema atasema tena. Ikiwa amesahau, basi dada yuko sahihi, mbwa asiyesema hawezi kukaa nyumba yenye mtoto.

Ningekuja mwenyewe. Kazi imebana, ruhusa hakuna. Mimi ni mzima.

Mrefu

*

11 Aprili

Kwa mwanangu Mrefu,

Mwandiko umepinda kama mkia wa nguruwe lakini ni wangu, kidole gumba kimeanza kutii. Pokea salamu. Mimi sijambo, nyuzi zimetoka, sindano zimekwisha. Dada yako hajambo, mashine ya dobi imepona, na yeye anaanza kupona. Kasuku hajambo, amerudi, nikikwambia hajanyamaza tangu aliporudi utaamini. Afande hajambo, anatumia vidonge asubuhi na jioni ndani ya chakula, anavitafuta kwa ulimi na kuvitema, namrudishia. Mama Cherehani hajambo, ameingia kwetu kwa kupitia mlangoni, amekaa kwenye kiti kizuri. Kuku hawajambo. Paa nitalitaja mwishoni.

Barua yako ile ya usimpige ilifika tarehe kumi na nane. Mkono ulikuwa umeshang'atwa siku nyingi. Niliisoma mlangoni nimesimama, nikakaa chini nikaisoma tena. Mwezi mzima mnyama ananisemesha nami namziba mdomo, kisha nakuandikia wewe kwa kujisifu. Sikumwonyesha mtu barua ile siku mbili. Iliyofuata, yenye habari za nyonga, ilifika siku moja kabla ya mwisho wa mwezi. Dada yako alikuwa ameshapanga na daktari wa mifugo kesho yake saa nne asubuhi. Nilimpa asome mwenyewe. Alipofika pale uliposema hutamwekea kinyongo, aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa sare, akaenda kazini.

Daktari alikuja saa nne kama alivyopangwa, na dada yako naye akaja, ameomba ruhusa. Sindano ilikuwa kwenye mkoba, niliiona. Dada yako akamwambia, kabla ya hiyo, mshike nyonga. Basi akamvisha kifunga mdomo, akamlaza, akabonyeza polepole. Mwanangu, sijaona mnyama akitoa macho vile, na sauti hakuna. Mwili wote unatikisika, midomo imefumba. Daktari akashangaa, akasema huyu anatembea juu ya jipu, mbwa wengine kwa maumivu haya wangekuwa wameshaibomoa nyumba, kwa nini huyu hata haguni? Mama Cherehani alikuwa amekuja kushuhudia, akatazama kandambili zangu, nami nikaingiza miguu chini ya kanga.

Daktari akasema vidonge vinaweza kumpunguzia, nyonga mpya hakuna. Dada yako akasema siku kumi. Si zaidi.

Wavu tuliupata kwa Mama Cherehani. Lile geti la waya la duka lake la zamani alikuwa amelilaza uani linaota kutu. Alilipigilia yeye na shemeji yake, tangu pipa la maji mpaka ukutani, Afande akawa na chumba chake chenye kivuli. Huyo ndiye aliyekuwa anasema mwana wa nyoka. Nilipomkumbusha akasema, na wewe mwana wa kandambili, lete misumari.

Kasuku tulimfundisha kila siku kama wimbo. Afande akisema mmmrrr, miguu nyuma, mikono kifuani, mwite bibi. Tatizo, Afande hasemi. Siku ya kwanza hakuna. Ya tatu hakuna. Nikipita na ufagio nje ya wavu anajilamba midomo, anageuka, basi. Mimi nikawa nalala na kuamka na kimya kile. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nilikuwa nikilisema neno hilo maisha yangu yote bila kulielewa. Siku ya saba dada yako alianza kukunja nguo za Kasuku na kuzipanga kwenye begi. Nilikwambia, anahamisha vitu kwanza.

Siku ya tisa jioni alirudi, akakaa pale kwenye ngazi na viatu mkononi. Kasuku alikuwa na kijiti, anachora chini, anachora mpaka akafika kwenye wavu, na kijiti kikapenya kwenye tundu la waya, upande ule wa nyonga. Nilitaka kuinuka, mgongo ukakataa. Basi nikasikia. Kidogo sana mwanzoni, kama mtu anayesafisha koo kanisani. Kisha lori lile likatoka kwenye tope. Mmmrrr.

Sasa nikwambie aibu yangu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kandambili. Mkono huuhuu wenye kovu. Niliukalia, mwanangu. Nilikaa juu ya mkono wangu.

Kasuku akaacha kijiti. Miguu nyuma, mmoja, mwingine, mikono kifuani. Hakulia. Akamgeukia mama yake akasema, mama, Afande amesema hataki. Na Afande akanyamaza palepale, akalala chini, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo.

Dada yako alitazama wavu muda mrefu. Viatu bado viko mkononi. Akasema, "Abaki. Lakini palepale, na siku mtoto akiingia humo ndani siulizi mtu." Kisha akaingia ndani kupika. Begi la Kasuku amelifungua jana.

Najua si muda mrefu uliobaki. Daktari amesema mwaka, labda na nusu. Usiku natoka kumwona, nasimama nje ya wavu, namwita jina kwanza kama ulivyosema. Siku nyingine anatikisa mkia, siku nyingine ananguruma, nami nasema haya, nimesikia, naondoka. Bado namwogopa. Lakini sasa tunaambiana.

Habari za mbwa zimeisha. Sasa za kwako.

Yule dereva wa lori alileta barua yako ya mwisho nikampa kiti na chai. Nikamuuliza, mwanangu umemwonaje? Akasema mzima. Akasema haraka mno. Nikamwongezea chai. Akaangalia kikombe, akasema, mama, mimi niliahidi nisiseme. Nikamwambia mwanangu, nyumba hii tumekoma na wasiosema, tazama mkono huu. Basi akasema.

Anasema unatembea na fimbo. Anasema ulianguka kwenye ngazi za godauni hata kabla hujamleta Afande, na goti halijakaa sawa mpaka leo, na getini si kwa muda. Anasema mchana unaificha ile fimbo nyuma ya kibanda msimamizi akipita, unasimama bila kuegemea, jasho likikutoka. Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulipokuja hapa ulikaa sana kwenye kiti. Nilikwambia njoo uone tundu la paa, ukasema kesho. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Nimezitoa barua zako zote tatu nikazitandaza kitandani. Mimi ni mzima. Mimi ni mzima. Mimi ni mzima. Mara tatu, mwandiko mzuri. Nami kila mara nilishukuru.

Najua unachoogopa. Mbwa aliyechechemea uliona walichotaka kumfanyia, unajiuliza mtu anayechechemea watamfanyaje. Lakini aliyekufundisha kunyamaza si kampuni. Ni mimi. Nilikupiga kwa kuvuta midomo, nikasifiwa, na wewe ukakaa na kidole kilichovunjika siku mbili. Watu waliita adabu, nami nikaitikia. Sikuwa na mume wa kunisaidia, nilikuwa nimechoka, nilitaka nyumba yenye utulivu. Nilipata utulivu. Sikujua kilichokuwa ndani yake.

Dada yako amezungumza na yule daktari wa mifupa wa pale hospitali, yule ambaye makoti yake wao ndio wanayafua. Amesema uje na picha kama umepiga, na kama hujapiga uje hivyohivyo. Mkeka wako upo. Afande hana haja ya kuona unatembea vizuri, ukichechemea mpaka kwenye wavu naye atachechemea kuja. Kazi kama ipo itakuwepo, kama haipo tutajua la kufanya tukiwa tumekaa sote chini ya paa moja.

Na hilo paa nililosema nitalitaja. Zile kandambili nimezitupa juu yake, pale panapovuja. Zimeziba kidogo.

Dereva analala huko siku mbili kisha anarudi. Nimemwambia asiwashe lori bila barua yako mkononi, hata kama ni mistari mitatu. Andika panapouma, tangu lini, na kiasi gani. Lalamika, nung'unika, vuta midomo mpaka ifike hapa. Jibu upesi, mwanangu, na usiniandikie kwamba u mzima.

Mimi mama yako